Pikapu Ikizimika Njiani, Tufanye Nini?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Makwale, Wilaya ya Kyela)



Leo tunazungumza juu ya gari. Labda mwenzetu mmoja hapa atasema, "Mimi sina gari. Mambo hayo ni ya madereva." Sivyo, ndugu. Wengi wetu hatuna gari, lakini sote tunalitegemea gari. Mpunga wetu unakwenda mashineni kwa pikapu. Kakao yetu inakwenda kuuzwa kwa pikapu. Mgonjwa wetu akizidiwa usiku, tunakwenda kumgongea mlango mwenye pikapu.

Na pikapu zetu mnazijua. Ni kuukuu. Zamani tulizoea Land Rover, Peugeot 404 na Datsun. Siku hizi nyingi ni Toyota Hilux zilizofanya kazi kwa watu wengine miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Gari la namna hiyo siku moja litazimika njiani. Litazimika na mizigo yetu, au na watoto wetu. Basi ni vizuri tujue mapema la kufanya.

Tunaomba mshike maneno haya: watu kwanza, sababu pili, ufunguo mwisho. Gari likizimika, dereva wengi hufanya kinyume. Wanaanza na ufunguo. Wanawasha, wanawasha, wanawasha. Mwisho betri inakufa, au injini iliyokuwa na ugonjwa mdogo inapata ugonjwa mkubwa. Na watu bado wamekaa katikati ya barabara.

NJIA ZETU NA MAGARI YETU

Nchi yetu ni nzuri, lakini ni ngumu kwa gari. Kyela ina mvua nyingi. Mara nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani. Wakati wa masika maji hujaa, na njia za vijijini huwa tope. Maji yanaingia kwenye waya na kwenye mafuta. Tope linaziba rejeta.

Halafu kuna mlima. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko kama mita 1,500. Kwa hiyo pikapu inayotoka kwetu na magunia kwenda Tukuyu inapandisha mzigo ule kama kilomita moja kwenda juu. Fikiri ni wewe umebeba gunia kichwani. Injini nayo inatoka jasho.

INJINI INAHITAJI NINI?

Akina mama wanajua jiko. Jiko linataka kuni, hewa na moto. Ukikosa kimoja, ugali hauivi. Injini ni hivyo hivyo.

Injini ya petroli inataka petroli, hewa, na cheche ya umeme. Cheche hiyo inatoka kwenye plagi.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Yenyewe inaibana hewa kwa nguvu mpaka hewa inakuwa moto sana. Kisha dizeli inapuliziwa humo na kuwaka. Jina dizeli linatokana na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897.

Injini zote mbili zinataka vitu viwili zaidi ili zisife. Zinataka maji ya kuzipoza, na oili ya kulainisha vyuma. Haya, tukumbuke vitu hivyo. Tutavitumia sasa hivi.

KWANZA: WATU

Tuseme tuko njiani na injini inazimika gari likiwa bado linatembea. Dereva afanye nini?

Asichomoe ufunguo. Katika magari mengi ufunguo ukitoka, staringi inaweza kujifunga. Aelekeze gari pembeni, upande wa kushoto, wakati bado lina mwendo. Asisimame darajani wala kwenye kona, kama mwendo unaruhusu kupita.

Breki zitakuwa ngumu. Katika magari mengi injini ndiyo husaidia breki. Injini ikifa, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Basi akanyage kwa nguvu na asiachie. Asikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia, maana atamaliza msaada wote. Staringi nayo inaweza kuwa nzito. Ashike kwa mikono miwili.

Gari likisimama, avute breki ya mkono na kuweka gia. Kama gari linatazama mlimani, aweke gia ya kwanza. Kama linatazama bondeni, aweke gia ya kurudi nyuma. Utingo aweke kabari au mawe makubwa kwenye magurudumu, upande ambao gari linaweza kuserereka.

Sasa abiria wote washuke. Wasimame mbali na barabara, si nyuma ya gari. Wengi hupenda kukaa kivulini mwa gari. Hapana! Gari lingine likija kwa kasi, watakaoumia ni wao. Wekeni pembetatu nyekundu nyuma na mbele, hatua 50 au zaidi kutoka kwenye gari. Kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona. Mkikosa pembetatu, wekeni matawi mabichi. Usiku, mtu mmoja asimame pembeni na tochi.

Na jambo moja tunaomba sana. Mkiondoka, ondoeni mawe na matawi. Mawe yaliyoachwa barabarani yanamngoja mtu wa bodaboda usiku.

PILI: SABABU

Watu wakiwa salama, dereva ajiulize: gari limezimikaje? Namna ya kuzimika inaonyesha ugonjwa. Abiria aliyekaa mbele pia anaweza kusaidia, maana naye amesikia.

1. Limekata ghafla, kama mtu aliyezima kwa ufunguo. Mara nyingi hapo ni umeme. Fungua boneti. Tazama vichwa vya betri. Je, vimelegea? Je, vina unga mweupe au wa kijani? Visafishe na kuvikaza. Tazama fyuzi. Kama ni gari la petroli, tazama waya za plagi na waya wa katikati wa koili. Kama umepita kwenye maji au mvua kubwa, fungua kifuniko cha distributa. Kikaushe kwa kitambaa safi na kikavu. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kama ni gari la dizeli, tafuta waya mdogo unaokwenda kwenye pampu ya dizeli. Dizeli nyingi za zamani zinao. Waya huo ukichomoka, pampu inafunga mafuta na injini inakufa papo hapo. Urudishe mahali pake.

2. Limekohoa, limekosa nguvu, halafu likafa. Mara nyingi hapo ni mafuta. Kwanza, je, mafuta yamo? Jamani, msicheke. Geji ya gari kuukuu husema uongo. Kama yamo, tazama chujio la mafuta. Limejaa uchafu? Tazama mabomba. Kuna mahali panavuja?

Gari la dizeli likiishiwa mafuta, hewa inaingia kwenye mabomba. Hata ukitia dizeli, haliwaki mpaka hewa itoke. Katika magari mengi kuna kibonyezo cha mkono juu ya chujio. Legeza skrubu ya kutolea hewa. Bonyeza, bonyeza, mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kisha kaza skrubu. Chini ya chujio kuna skrubu nyingine ya kutolea maji. Wakati wa masika ifunguliwe mara kwa mara, kwa sababu maji hukaa chini ya dizeli.

3. Limechemka. Mshale wa joto umepanda, mvuke unatoka, kuna harufu ya mpira au ya chuma cha moto. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Usifungue kifuniko cha rejeta! Maji ya ndani yamebanwa na ni moto kupita maji ya sufuria. Ukifungua, yanaruka usoni. Mtu anaweza kupoteza macho kwa dakika moja ya haraka.

Zima injini. Fungua boneti. Ngoja nusu saa au zaidi. Wakati mnangoja, tazama mkanda wa feni. Katika magari mengi ya zamani mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji na pia mashine ya kuchaji betri. Kwa hiyo ukikatika, taa nyekundu ya betri inawaka, halafu gari linachemka. Dereva aliyeiona taa ile ameambiwa mapema. Mkanda ukiwa umekatika, kujaza maji hakusaidii. Litachemka tena mbele kidogo. Fungeni mkanda mpya, au tafuteni wa kuwavuta.

Kama mkanda ni mzima, tazama hozi za maji na uso wa rejeta. Toa nyasi na tope. Injini ikipoa, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, geuza uso pembeni, fungua kidogo mpaka mvuke uishe. Ndipo ufungue kabisa. Tia maji kidogo kidogo. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka, kama chungu. Maji ya mtoni yanafaa kwa dharura, lakini yachujwe kwa kitambaa.

Mwisho chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Safari imekwisha. Msiwashe tena.

4. Taa nyekundu ya oili imewaka, au mmesikia chuma kinagonga. Zima injini hapo hapo. Usiseme, "Nitafika tu pale mbele." Injini bila oili ni chuma juu ya chuma. Dakika chache zinatosha kuiua. Pima oili. Kama imepungua na haivuji, ongeza. Taa ikiendelea kuwaka, au mlio ukiendelea, iteni fundi.

5. Limezimika ndani ya maji ya mto. Hapa pia msiguse ufunguo. Injini inaweza kuwa imevuta maji badala ya hewa. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Ukiwasha, vyuma vya ndani vinapinda au kuvunjika. Watoeni watu, watoto na wazee kwanza. Kama maji yanapanda, acheni mizigo. Gari livutwe kwa kamba likiwa halina gia. Kisha fundi ndiye afungue. Na bora zaidi, tusiingie. Mto ukijaa, tungoje upungue.

TATU: UFUNGUO

Sababu ikiisha kujulikana na kutengenezwa, sasa tuwashe. Tuwashe kwa muda mfupi, kama sekunde kumi, halafu betri ipumzike. Likikataa mara tatu, turudi kwenye sababu. Hatujaipata bado.

Kama betri imechoka, lakini injini ni nzima, gari la gia za mkono linaweza kusukumwa. Dereva awashe swichi, akanyage klachi, aweke gia ya pili. Wasukumaji wakae nyuma, mahali tambarare. Gari likishika mwendo, aachie klachi. Mtu yeyote asisimame kati ya magari mawili. Gari lililochemka, lisilo na oili au lililovuta maji lisisukumwe kamwe. Huko ni kulimaliza.

MGONJWA AKIWA NDANI YA GARI

Sasa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote. Tuseme ni usiku, mvua inanyesha. Tumempakia mama mjamzito, uchungu umeanza na anatoka damu. Tunampeleka Ipinda au Kyela. Pikapu inazimika. Watu wote wanafanya nini? Wanainama kwenye boneti. Kila mtu anatoa shauri lake. Saa inapita. Mama yuko peke yake nyuma.

Ndugu zetu, hapo lazima tugawane kazi. Mtu mmoja, dereva, ashughulike na injini. Mtu wa pili akae na mama, amfunike asilowe na asipate baridi. Mtu wa tatu atafute gari lingine saa ile ile, bila kungoja kuona kama hili litawaka. Kama pikapu itawaka, vizuri, tutamwambia mwenye gari la pili asante na pole kwa usumbufu. Kama haitawaka, mama hatakuwa amepoteza saa nzima. Injini inaweza kungoja mpaka asubuhi. Damu haingoji.

Simu zitusaidie. Kuna mpango wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ni wa kusafirisha mama wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga wanapopata dharura. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Namba ya polisi kwa dharura ni 112. Ninyi mnajua kusoma na kuandika. Andikeni namba hizo ukutani nyumbani, karibu na mlango, na ndani ya pikapu. Andikeni pia simu ya zahanati na ya wenye magari wawili watatu wa karibu. Usiku wa shida kichwa husahau, ukuta hausahau.

TAHADHARI YA MOTO

Petroli inatoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ndio unaowaka kwanza, hata mbali na petroli yenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu walikwenda kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Ilikuwa huzuni ya nchi nzima.

Pikapu yetu ni ndogo, lakini petroli ni ile ile. Msichungulie tangi kwa kiberiti wala kibatari. Tumieni tochi. Msivute sigara karibu na boneti iliyofunguliwa, maana hata betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Msinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Msiweke petroli kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui.

DAFTARI LA GARI

Tumesema juu ya kuzimika. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi kabla ya safari, dereva atazame vitu vitano: maji, oili, mkanda wa feni, betri na mafuta. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi. Injini iwe bado ya baridi. Na ndani ya gari viwemo dumu la maji, mkanda wa feni wa akiba, fyuzi, spana, bisibisi, koleo, waya, kitambaa kikavu, tochi, kamba na kabari mbili.

Tena kuwe na daftari. La shule linatosha. Mchoreeni mistari minne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, jina la aliyefanya. Mkibadili oili, andikeni. Mkitia lita 20 za dizeli, andikeni. Mkiongeza maji, andikeni. Kama daftari linaonyesha kwamba Jumatatu mliongeza maji, Jumatano mliongeza, na Alhamisi mliongeza tena, basi kuna mahali maji yanakwenda. Gari limewaambia mapema. Msingoje liseme kwa mvuke mlimani.

Daftari linaondoa ugomvi pia. Pikapu ya kikundi ikiharibika, dereva humlaumu fundi, fundi humlaumu dereva, wanakikundi huwalaumu wote wawili. Daftari likifunguliwa, kila mtu anasoma mwenyewe. Na sisi abiria tunaweza kuuliza kwa heshima, "Ndugu dereva, umetazama maji na oili leo?" Swali hilo si la kumdharau mtu. Watoto wetu wamo ndani.

Na wenye mizigo nao tuwe na subira. Dereva akisema gari limechemka tungoje nusu saa, tusimpigie kelele kwamba mnunuzi anatungoja. Kakao ikitishiwa na mvua, tuifunike kwa turubai. Tukimlazimisha dereva aende, tunaweza kuua injini. Msimu ujao mizigo yote itabaki nyumbani.

Basi, ndugu wanakisomo, rudini nyumbani na maneno yetu: watu kwanza, sababu pili, ufunguo mwisho. Msomeeni na yule ambaye hajui kusoma.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini abiria wasikae nyuma ya gari lililozimika?

2. Taa nyekundu ya betri imewaka, halafu gari limechemka. Tutazame nini kwanza?

3. Kwa nini tusiwashe gari lililozimika ndani ya mto?

4. Hapa kwetu, mgonjwa akikwama njiani usiku, nani anaweza kuitwa? Andikeni majina na namba zao za simu.

5. Je, pikapu tunayoitumia ina daftari? Kama haina, nani atalianzisha, na lini?